Siku moja maishani mwangu: z mbili za maji

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Kampala na Tanga saa ni moja, ila jua la huku linachelewa, kwa hiyo naamka gizani na kuoga gizani. Nasomea uuguzi hapa Uganda, mwaka wa pili. Nyumbani wanasema mtoto wao anasomea udaktari, na nimeshachoka kuwasahihisha.

Saa kumi na mbili na nusu nimo kwenye taksi, ndiyo daladala ya huku, na daftari la Kiganda liko mapajani. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, na faili la mgonjwa linajazwa kwa Kiingereza. Mgonjwa mwenyewe anaumwa kwa Kiganda. Wakati naaga, shangazi aliniambia, "Wote Wabantu hao, mtaelewana." Kweli, mkono ni omukono. Lakini homa ni omusujja, tumbo ni olubuto, na ukisema mtu "ali lubuto" umesema ana mimba. Halafu kuna herufi za kukaziwa: okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. Sikio langu la Tanga halisikii tofauti yoyote.

Saa moja tunapokea zamu. Kutandika, kupima joto na presha, kumwaga mikojo. Mabinti wanaouguza ndugu zao wananipigia magoti, "Wasuze otya, musawo?" yaani umeamkaje, daktari, nami nimeshika ndoo. Huku kila mwenye gauni ni musawo, hata mimi.

Saa tatu nikapewa bibi wa kitanda cha dirishani. Alikuwa ameharisha siku mbili, midomo imekauka, dripu inaenda. Daktari alitaka maelezo kamili kabla hajapita. Mjukuu anayemuuguza alikuwa ameenda kununua dawa. Nikafungua daftari: "Jjajja, oddukanye emirundi emeka?" Umeendesha mara ngapi? Kwa Kiganda tumbo la kuendesha ni kama kukimbia, na bibi alijibu kwa mbio hizohizo. Nikaambulia neno moja, ekiro, usiku. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio.

Kwa huruma ikanitoka ya nyumbani: "Pole sana, bibi."

Akanyamaza. Akauvuta mkono wake chini ya shuka. Mama wa kitanda cha pili akanitafsiria kwa Kiingereza: anauliza kama wewe ni mwanajeshi. Nilikuwa nimesoma kwamba Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya jeshi, na kwamba miaka ya Amin watu walikizoea kikitoka kwa wenye bunduki. Kusoma ni kusoma. Kuona bibi wa watu anauficha mkono wake kisa "pole" ni jambo jingine. Kwetu kwa neno hilo tunaingilia hata nyumba ya msiba.

Nikasema, "Tanzania, jjajja. Tanzania."

"Nyerere!" Mkono ukatoka. Sasa ikawa kazi nyingine. Akaanza 1979, askari wetu walivyoingia Kampala mwezi wa nne, na mama wa jirani anatafsiri sentensi moja kati ya tano huku akicheka. Mimi nataka kujua choo kilikuwa na damu au hakina. Nikichomeka swali, bibi ananipiga kofi la mkononi, nisikilize kwanza. Dakika ishirini hivi. Sista wa zamu akapita mara mbili akitazama saa yake, mara ya pili akaitazama na faili yangu tupu.

Mjukuu aliporudi nikapata majibu yote kwa dakika tatu. Nikataka kumaliza kwa heshima, nikamshauri bibi mwenyewe, kwa sauti ya kujiamini, anywe maji mengi: "Nywa amazi mangi."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Maji ni amazzi, z mbili. Ya z moja ni kinyesi. Nimemshauri mgonjwa wa kuharisha anywe kinyesi, tena kingi. Bibi alicheka mpaka nikahofia dripu itachomoka, kisha akanipapasa shavu: "Ogezezzaako, musawo." Umejitahidi.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Shuka, sindano, shuka. Chakula kilikuwa kikomando, chapati na maharage, nikala nimesimama kwa sababu ningekaa nisingeinuka. Jioni kulikuwa na foleni, na kwenye taksi nikalala begani kwa mtu nisiyemjua.

Usiku mama akapiga. "Kwani huwaambii tu Kiswahili?" Nikamwambia salio linaisha.

Mwenzangu wa chumbani anatoka Gulu, mama yake anasema Kiacholi, na yeye Kiganda kinamsumbua kama mimi, ingawa pasipoti yake ni ya hapahapa. Tukazima taa tukaanza mazoezi. Amazzi. Amazi. Amazzi. Mara ya kumi hivi jirani akagonga ukuta: "Z mbili! Lala!"