Jinsi nilivyojifunza kusoma majibu ya damu yangu

Nilipimwa damu kwa ajili ya matayarisho ya upasuaji mdogo wa jicho, nikatoka na jibu lisilohusiana na jicho hata kidogo. Seli nyeupe zilikuwa 24.0, ilhali kiwango cha juu cha kawaida kilichochapishwa pembeni kilikuwa 11. Kipimo kilirudiwa baada ya miezi mitatu na hali ikawa ileile, ndipo mtaalamu wa magonjwa ya damu akaagiza kipimo cha kutambua alama zinazobebwa na seli, na mwishowe akaniambia kwamba nina lukemia sugu ya limfosaiti, yaani saratani ya damu inayokwenda taratibu ambayo huongeza aina moja ya seli nyeupe iitwayo limfosaiti, kwamba ipo katika hatua ya mwanzo, na kwamba kwa sasa sitapewa dawa yoyote. Niliyasikia maneno mawili tu, lukemia na kutopewa dawa, nikayaunganisha vibaya: nilidhani wameshakata tamaa.

Nilirudi nyumbani na karatasi ya maabara, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Kwenye mstari wa nyutrofili, ambazo ndizo seli za mstari wa mbele katika kupambana na bakteria, palikuwa na asilimia 16 na herufi L iliyokolezwa, ikimaanisha kwamba zipo chini ya kawaida. Nikahitimisha kwamba sina kinga. Kwa majuma mawili sikumpa mtu mkono, na mjukuu wangu nilimsalimia kwa mbali akiwa mlangoni, jambo ambalo hakulielewa na ambalo mimi mwenyewe nililiona la kikatili.

Daktari aliponisikiliza hakunihubiria. Alichukua kikokotoo kilichokuwa mezani, akakigeuza upande wangu, akazidisha 24.0 kwa 16 na kugawanya kwa 100. Jibu likawa 3.84. “Mama, kawaida ni kati ya 2 na 7,” akasema. “Nyutrofili zako hazijapungua. Zimezidiwa tu na wingi wa wenzao.” Naona haya kukiri kwamba nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote. Ningekuwa nimeletewa hesabu za idara ambayo mapato yake yamebaki palepale huku mapato ya jumla yakipanda, ningejua bila kufikiri kwamba asilimia ya idara hiyo lazima ishuke. Lakini hesabu ilipokuwa ya mwili wangu, niliisahau kazi yangu. Tangu siku hiyo safu ya asilimia siitazami, isipokuwa maabara iwe imesahau kuandika idadi halisi, na hapo nazidisha mwenyewe.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba idadi niliyokuwa nikiiogopa kuliko zote, yaani jumla ya seli nyeupe, siyo iliyomshughulisha daktari. Yeye alianza na himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, iliyokuwa 12.9, kisha chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, zilizokuwa 210. Baada ya hapo aliiweka karatasi kando na kunipapasa shingoni, kwapani, kwenye kinena na chini ya mbavu za kushoto akitafuta bandama. Alipata tezi mbili ndogo shingoni. Akanieleza kwamba kwa mfumo wa Rai wa kupanga hatua za ugonjwa huu, uliotolewa Marekani mwaka 1975, mgonjwa aliyeongezeka limfosaiti peke yake yupo hatua ya 0, tezi zikivimba ni ya 1, bandama au ini likikua ni ya 2, himoglobini ikiwa chini ya 11 ni ya 3, na chembe sahani zikiwa chini ya 100 ni ya 4. Mfumo wa Binet, uliotoka Ufaransa mwaka 1981, ungeniweka kundi A, ambalo ndilo la mwanzo. Kwa hiyo vidole vyake vilikuwa vimenihamisha kutoka 0 hadi 1, kitu ambacho karatasi peke yake isingeweza kufanya.

Nilifungua daftari la safu saba: tarehe, jumla ya seli nyeupe, idadi ya limfosaiti, idadi ya nyutrofili, himoglobini, chembe sahani, na safu ya mwisho ya maelezo. Hiyo ya mwisho imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Limfosaiti zilianzia 18.7, wakati fulani ziliruka hadi 27, nikakosa usingizi, lakini pembeni nilikuwa nimeandika kwamba nimetoka kuugua kifua, na kipimo kilichofuata kilionyesha 21. Daktari aliniambia kwamba wanaangalia kama limfosaiti zinaongezeka maradufu katika muda usiozidi miezi sita, na kwamba hata kigezo hicho peke yake hawakitegemei wakati idadi bado ipo chini ya 30. Zangu zilichukua miaka mitatu na nusu hivi. Daftari lilininusuru pia siku nilipopimwa kwenye maabara nyingine, nikasoma himoglobini 129 na moyo ukanilipuka. Kumbe wao huandika gramu kwa lita, si kwa desilita.

Majibu ya vinasaba yalikuja peke yake, Ijumaa jioni, kwenye simu, bila neno la maelezo, na sitaacha kusema kwamba jambo hilo halikuwa sawa. Yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilisema kwamba kipande cha kromosomu ya 13 kimepotea. Ya pili ilisema kwamba jeni za IGHV, ambazo hutumika kutengeneza kingamwili, zimebadilika. Ya tatu ilisema kwamba jeni ya TP53, ambayo huzuia seli zilizoharibika zisiendelee kuzaliana, haijabadilika. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona habari mbili mbaya na moja nzuri. Jumatatu nikaambiwa kwamba zote tatu ni nzuri. Kupotea kwa kipande kile cha kromosomu ya 13, kukiwa ndiyo kasoro pekee, huambatana na ugonjwa unaokwenda polepole. IGHV huhesabiwa kuwa imebadilika pale ambapo kufanana kwake na jeni ya asili kumeshuka chini ya asilimia 98, na hiyo ni dalili kwamba seli iliyozaa ugonjwa ilikuwa imeshapitia mafunzo ya kawaida ya kinga. Ugonjwa wa aina hiyo kwa kawaida huwa mpole zaidi. TP53 ni kinyume chake: ikibadilika, au kipande cha kromosomu ya 17 kinachoibeba kikipotea, dawa za kemikali za zamani hazifanyi kazi vizuri, na daktari huchagua matibabu mengine. Neno ni lilelile, ukurasa ni uleule, maana zinapingana. Sioni ni kwa namna gani mgonjwa angelitambua hilo peke yake.

Kingamwili za IgG zilikuwa chini kidogo, nami nikaonywa nisipate chanjo yoyote yenye virusi hai, bali nipate ile ya nimonia.

Swali lililonifaa kuliko yote nililiuliza nikiwa nimeshasimama kuondoka: “Daktari, ni kitu gani kwenye karatasi hii kingekufanya uanze matibabu?” Akanirudisha kwenye kiti, na nikaandika majibu yake ndani ya jalada la daftari. Himoglobini kushuka chini ya 10. Chembe sahani kushuka chini ya 100. Bandama kufika sentimita 6 chini ya mbavu, au tezi kufika sentimita 10. Uzito kupungua kwa asilimia 10 ndani ya miezi sita bila kukusudia, homa ya zaidi ya majuma mawili isiyo na maambukizi, au jasho la usiku linaloloanisha shuka kwa mwezi au zaidi. Jumla ya seli nyeupe haikuwamo, nami nilimwomba aisome orodha tena ili niwe na hakika.

Juma lililopita nilipokea majibu mengine. Himoglobini 12.7, chembe sahani 198. Nilizinakili hizo kwanza, kisha seli nyeupe 48.6 na limfosaiti 41.8. Nyutrofili zilikuwa asilimia 8, zenye L ileile iliyokolezwa pembeni. Nilizidisha, nikapata 3.9, nikaandika kwenye safu yake, na katika safu ya maelezo sikuwa na cha kuandika.