Kadi za Baiolojia kwa Kidato cha Nne: zilipofikia

Kadi za kujipima, swali mbele na jibu nyuma, za mada ya usafirishaji wa vitu mwilini, ile ya Kidato cha Pili, zimekamilika. Mpwa wangu na wenzake wanaojiandaa na mtihani wa taifa walipiga picha madaftari yao, nami nikaipa akili mnemba itunge maswali na majibu. Swali linabaki Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Nyuma ya kadi naongeza maelezo mafupi ya Kiswahili. Kisha zote naziingiza kwenye Anki, programu ya kusomea kadi, ambayo kwa simu za Android ni ya bure na haili bando wakati wa kusoma.

Uhakiki ndio unaokula muda. Kadi moja ilisema ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) hubeba damu yenye oksijeni, basi. Mtoto akiikariri hiyo, ateri ya mapafu itamkamata, maana yenyewe hupeleka mapafuni damu yenye oksijeni kidogo. Nikaivunja kuwa kadi tatu: ateri huelekeza damu wapi ikitoka moyoni, damu ya ateri ya mapafu ikoje, na kwa nini ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Hii ya tatu naipenda kuliko zote, kwa sababu huwezi kuijibu bila kuelewa msukumo wa damu. Sasa agizo langu kwa mashine ni kadi moja jambo moja, na kisichomo daftarini kisiongezwe. Bado kila kadi naipitia na kitabu cha kiada mkononi.

Walioko bweni hawaruhusiwi simu. Kwao nimechapa kadi hizohizo kwenye manila, tunafuata maboksi ya Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani aliyeieleza mbinu yake ya kujisomea kwa kadi mwaka 1972: ukipata, kadi inasogea boksi la mbele linalofunguliwa kwa nadra zaidi, ukikosa, inarudi la kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha kabisa.

Wameniomba na mihtasari. Nimekataa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia, walionyesha kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Nataka wahangaike kulitafuta jibu kichwani kabla ya kugeuza kadi.

Inayofuata ni jenetiki. Miraba ya Punnett, yaani majedwali ya kutabiri sifa za watoto kutokana na jeni za wazazi, sitaiachia mashine: kadi itatoa wazazi tu, mwanafunzi achore mwenyewe kwenye karatasi, ndipo ageuze.