Kidole Gumba cha Mzee Yule

Juzi jioni mwanangu alirudi kutoka uwanjani akichechemea. Nilipokuwa nikimfunga plasta kwenye kifundo cha mguu, nikiivuta kutoka upande wa ndani, chini ya kisigino, hadi upande wa nje, akaniuliza, "Baba, kwani nani alikufundisha kufunga hivi?"

Nilifundishwa na mzee mmoja wa chuo nilichosoma Marekani, nilikokwenda kwa ufadhili wa mbio kama vijana wengi wa Bonde la Ufa tangu enzi za Henry Rono. Tulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wala kocha. Kazi yake ilikuwa kutunza miili yetu, kuanzia plasta ya asubuhi hadi barafu ya jioni. Aliianza kwa kubeba ndoo za maji, miaka mingi kabla ya Chama cha Madaktari cha Marekani kuitambua kuwa taaluma ya afya mwaka 1990, na makocha waliozoea kumfokea kila mtu walimsikiliza yeye kwa utulivu.

Siku tatu kabla ya mashindano makubwa ya mbio za nyika, aliniita mezani kwake. Muundi wa kushoto ulikuwa umeniuma kwa wiki mbili, nami nilificha, kwa sababu niliamini kwamba asiyekimbia hurudishwa kwao. Akaweka kidole gumba chini ya goti, akakishusha taratibu juu ya mfupa, macho yake yakiwa usoni pangu, si mguuni. Alipofika mahali padogo kama sarafu sikusema neno, ila nadhani pumzi ilinikatika, maana alirudia palepale. Kisha akaniambia nisimame kwa mguu huo mmoja, nirukeruke. Niliruka mara moja tu.

"Kijana wangu," akasema kwa sauti ya chini, "mfupa wenye ufa ukiukimbilia, utavunjika."

Picha zilithibitisha. Sikukimbia msimu ule, lakini ufadhili wangu haukuguswa. Baadaye sana nikajua kwamba ni yeye aliyekwenda kunitetea kwa kocha. Nami nilikuwa nimemnunia msimu mzima, na alipostaafu sikumwandikia hata mstari mmoja. Hadi leo sijui kama kilichonizuia kilikuwa kinyongo au aibu.

Mwanangu ana mechi Jumamosi. Nilikibonyeza kifundo chake, nikamuuliza kama panauma.

"Hapana, Baba," akajibu upesi.

Nikamtazama usoni.