Siri ya Bi Mkubwa wa Majengo

Siku ya kwanza ya mafunzo tulisimuliwa hadithi ya chungwa, ambayo nadhani kila mtu aliyewahi kusomea upatanishi ameisikia. Watoto wawili wanagombea chungwa moja, mama analikata katikati, kumbe mmoja alitaka maji yake anywe na mwenzake alitaka ganda tu alitie kwenye keki. Mkufunzi wetu, mama wa makamo aliyetoka Nairobi, alipomaliza kuisimulia, imamu mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Kwetu hapa, Mwalimu, hiyo ingekuwa nazi. Mmoja ataka tui, mwenziwe ataka makumbi asokote kamba. Ukiipasua katikati, kila mtu amekwenda na nusu ya haja yake na nusu ya haja ya mwenziwe." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na kuanzia hapo hakuna aliyetaja chungwa tena. Ilikuwa nazi mpaka siku ya tano.

Huo ulikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na miaka ya mwisho kazini nilikuwa nikimsindikiza dada yangu mahakamani kwa kesi ya mirathi iliyokuwa ikiahirishwa kila mara. Nilizijua benchi za ile korido kuliko nilivyozijua za msikitini. Hapo korido ndipo niliposikia kwanza habari za upatanishi wa mahakama: kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Kifungu cha 159, inawataka majaji na mahakimu wahimize watu kumaliza magomvi kwa njia nyingine, sulhu ikiwamo; kwamba mpango wenyewe ulianza Milimani, Nairobi, Aprili 2016, kwa kesi za familia na za biashara, kisha ukatufikia Mombasa. Faili inachujwa, na ikionekana inafaa, wahusika wanateuliwa mpatanishi na kupewa muda; wakati ule ulikuwa siku 60, na zikihitajika waliongezewa 10. Wakikubaliana, maandishi yao yanarudishwa mahakamani na kuwa amri ya mahakama. Wasipokubaliana, kesi inarudi kwa jaji pale ilipoachwa. Na mpatanishi si lazima awe wakili. Lazima awe amepata mafunzo na kupewa ithibati na kamati iliyowekwa na sheria kwa kazi hiyo. Mafunzo yetu yalikuwa ya saa 40.

Kwa hiyo siku tano nilivuka daraja la Nyali asubuhi kutoka Kisauni, na daftari langu kwenye kikapu, nikaenda kukaa na watu wa kila aina: mawakili, mhasibu, mchungaji, yule imamu, bwana mmoja aliyekuwa mpima ardhi. Nakiri nilikwenda nikijiamini. Kwa miaka mingi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na kazi ya naibu katika shule ya msingi, kama haikuwa ratiba, ilikuwa ugomvi. Nimesuluhisha watoto, wazazi, walimu kwa walimu. Nilidhani ninakwenda kuchukua cheti cha jambo ninalolijua.

Mtihani wa vitendo ulikuwa siku ya nne. Kila mmoja alipewa karatasi ya kesi ya kutunga, wenzake wawili wakawa wahasimu, na yeye akawa mpatanishi kwa dakika 45, mkufunzi akiwa pembeni na saa yake. Kesi yangu ilikuwa ya nyumba bila ardhi.

Msomaji asiye wa Mombasa huenda akashangaa nyumba itakosaje ardhi. Kwetu ni jambo la kawaida. Kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba inaweza kuuzwa, inaweza kurithiwa, watu wanaweza kuzaliwa na kufia ndani yake kizazi baada ya kizazi, na udongo ulio chini ya msingi usiwe wao. Nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Namkumbuka mama akihesabu sarafu za kodi ya ardhi na kuzifunga kwenye pindo la leso kabla hajanunua unga.

Katika kesi yetu, Bi Mkubwa wa Majengo, mjane, alikuwa na nyumba bila ardhi. Mrithi wa mwenye ardhi alitaka kuuza kiwanja, na mnunuzi alikitaka kitupu. Alikuwa tayari kumlipa Bi Mkubwa shilingi milioni moja na laki mbili aiachie nyumba ivunjwe. Bi Mkubwa alikataa katakata. Aliyeigiza kuwa Bi Mkubwa alikuwa wakili msichana, mdogo kuliko binti yangu. Mhasibu akawa mrithi.

Nilianza vizuri. Niliwakaribisha, nikaeleza kwamba mimi si hakimu, kwamba yatakayosemwa humo hayatatolewa ushahidi mahakamani. Wakarushiana maneno kidogo, nikawatenganisha, nikaingia kwenye vikao vya faragha. Mrithi alinieleza kwamba ana haraka kwa sababu ya deni. Kisha nikakaa na Bi Mkubwa. Yule msichana alijua kuigiza. Alijifunika mtandio, akatazama chini, akaniambia taratibu: wanangu wameninunulia kiwanja Ukunda, na kuhama nitahama. Ila mume wangu amefia chumba kile cha mbele, na sitaki mtaa useme nimefukuzwa. "Hili nakwambia wewe, mwanangu. Yeye asilijue."

Nikasema sawa. Niliona mwanga. Pale pale nikajua kesi imekwisha, kwamba hawa watu hawatengani kwa fedha bali kwa heshima, na furaha ya kulijua jambo hilo ilinijaa kichwani. Niliwarudisha mezani, na sentensi yangu ya tatu ikawa hii: "Jamani, mbona mko karibu hivi? Bi Mkubwa hakatai kuhama, ana kiwanja chake Ukunda, anachotaka ni kuondoka kwa heshima tu."

Mhasibu akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Basi kama ana pa kwenda, mimi natoa laki nne."

Msichana hakunijibu. Aliufunga mtandio, akachukua mkoba wake, akasimama. Hakuwa akiigiza tena kwa bidii yoyote. Alifanya tu kile ambacho mama yule angefanya. Mkufunzi akasimamisha saa zikiwa zimebaki dakika kumi na moja.

Hakunifokea. Aliniuliza, mbele ya wote, nilikuwa nikifikiri nini. Nikasema nilikuwa nataka kuwasaidia. Akasema, "Najua. Lakini ulichokitoa hakikuwa chako."

Jioni ile nilipanda matatu nikakaa dirishani, na darajani, maji yakiwa yamejaa, kilinijia kitu nilichokuwa nimekizika miaka mingi. Alikuwapo mvulana wa darasa la nane, mpole, aliyeanza kusinzia darasani. Nilimwita ofisini, na baada ya kumbembeleza sana akanieleza kwamba jioni anasukuma mkokoteni sokoni Kongowea. Mama yake alikuwa ameweka bangili yake rehani kwa sonara, na yeye alitaka kuikomboa amshangaze. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwahidi.

Wiki hiyo hiyo mama yake akaja shuleni kwa jambo jingine, na mimi nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Nilitaka aone amezaa mtoto wa namna gani. Alilia pale ofisini, akaenda nyumbani, akamsimulia mumewe. Zile fedha hazikufika kwa sonara.

Yule mvulana hakuniuliza kitu. Aliendelea kunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kila asubuhi, kwa adabu ile ile, mpaka alipomaliza mtihani. Wala hakuniambia tena neno lolote lake. Nilikuwa nikijipa udhuru kwamba watoto wa umri ule huwa wanabadilika. Usiku ule sikuweza kujipa udhuru tena. Nililala nikiona ule mtandio na ule mkoba, na nyuma yake yule mtoto aliyesimama mbele ya meza yangu.

Siku ya tano, alasiri, mkufunzi alitoa nafasi kwa sisi tulioshindwa. Kesi yangu ya pili ilikuwa ya washirika wawili na gari moja la matatu, kila mmoja akidai kwamba mwenzake anamlia fedha zake. Mchungaji na mpima ardhi ndio walioigiza. Kwenye kikao cha faragha, mpima ardhi alinieleza kwamba ameshapata mnunuzi wa lile gari, na kwa bei gani. Niliipiga hesabu kichwani. Bei ile ingewatosha wote wawili na kubaki. Ilikuwa nazi yenyewe imepasuka mbele yangu, tui huku, makumbi kule.

Nikageuza daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Nikamuuliza, "Katika haya uliyonieleza, ni yapi unaniruhusu nitoke nayo, na yapi yabaki humu?" Alifikiri kwa muda. Kisha akasema, "Hakuna. Yote yabaki humu."

Ndivyo nilivyotoka, mikono mitupu. Dakika 20 nilizobakiza zilikuwa ndefu kuliko kipindi chochote nilichowahi kufundisha. Nilijua jibu, nilikuwa nalo mdomoni, na nilikaa nalo. Nikawauliza maswali. Nikamuuliza mmoja angefanya nini kesi ikirudi kwa jaji. Nikamuuliza mwingine gari hilo litakuwa na thamani gani likikaa uani mwaka mzima. Mpima ardhi alifungua mdomo mara moja kama anayetaka kusema, akaufunga. Saa ikalia.

Hawakukubaliana. Nilifaulu.

Maombi, fomu na nakala za vyeti vilichukua muda wake, na hayo hayana la kusimuliwa. Jina langu likaingia kwenye orodha ya wapatanishi waliopewa ithibati, na baadaye nikapewa faili la kwanza la kweli. Kesi yenyewe siwezi kuieleza, wala aina yake, wala mji. Naweza kusema tu kwamba kwenye kikao cha faragha mama mmoja mtu mzima alinitazama, akaitazama na kalamu yangu, akauliza, "Haya nitakayokwambia, mwanangu, yanaandikwa?"

Nilifunga daftari nikalirudisha kwenye kikapu, chini, karibu na miguu yangu, mahali alipoweza kuliona. Ndipo akaanza kusema.