Ngao ya ukoo niliyoletewa kwa maneno matupu

Wiki tatu zilizopita mama mmoja wa Mbezi alikuja kibandani kwangu Magomeni, mi hapa napaka vibao vya maduka na nembo za shule, akanipa karatasi imekunjwa mara nne. Marehemu mume wake alikuwa Muingereza na watoto wanataka ngao ya upande wa baba yao, ile nembo ya kurithi ya Kiingereza, ichorwe kwenye ubao wa mninga waitundike sebuleni. Nikamuuliza, mama, picha iko wapi? Akaniambia mwanangu picha hakuna, ni haya maneno tu.

Na kweli, mstari mmoja na nusu wa Kiingereza. Kijana wa duka la jirani akaupitisha kwenye simu, programu ya kutafsiri ikatoa hivi: samawati, simba aliyeenea au, mwenye silaha, juu ya chifu wa fedha mikizi watatu. Neno "gules" ikaliacha vilevile. Siku nzima nikawa nawaza chifu ameingiaje hapo na wale samaki wanafanya nini juu yake.

Kumbe ile ni lugha ya kazi ya wachora ngao, Kiingereza kilichojaa Kifaransa cha zamani, na maneno yake hayasomwi kwa kamusi ya kawaida. Ni kama kanga tu, sisi tunajua kanga ina pindo, ina mji na ina jina, lakini mwambie mgeni akuchoree kanga yenye mji wa bluu uone kama hatakuchorea maghorofa.

Sasa ukiisoma kwa lugha yake inanyooka vizuri mno. Kinachotajwa kwanza siku zote ni uwanja, yaani rangi ya nyuma ya ngao, na hapa ni "azure", bluu. Halafu kile kitu kikubwa kinachokaa juu ya uwanja, simba "rampant", manake amesimama kwa mguu wa nyuma, ya mbele iko hewani anakwaruza. Ile "or" sio au, ni dhahabu! Silaha zake sio mkuki wala panga, ni kucha na meno yake mwenyewe, na zinatakiwa ziwe nyekundu pamoja na ulimi, ndo hiyo "gules". Chifu ni mkanda mpana unaokaa juu kabisa ya ngao, kama theluthi ya urefu wake, na rangi ya fedha unaruhusiwa kuipaka nyeupe. Na wale mikizi ni nyota za ncha tano, neno lenyewe, "mullet", limetokana na kile kigurudumu chenye meno cha kwenye kisigino cha buti la mpanda farasi.

Bado nikawa na wasiwasi manake ubao wa mninga ukishapaka umepaka. Yule mama akarudi na kijiko cha fedha cha mkwe wake, mpini una ile ngao imechongwa ndogo kama kucha ya kidole gumba. Hapo ndo nilipofurahi. Zamani wachongaji wasio na rangi walikuwa wanaandika rangi kwa mistari, utaratibu unaojulikana zaidi kwa jina la padre Mjesuiti Silvester Petra Sancta wa karne ya 17, mistari ya kulala ni bluu, ya kusimama nyekundu, vidoti ni dhahabu, pakiachwa patupu ni fedha. Nikachukua lenzi, uwanja una mistari ya kulala, simba ana vidoti mwili mzima. Imekubali.

Halafu kuna sheria moja ambayo kila mpaka vibao angeielewa bila kufundishwa, dhahabu na fedha haziwekwi moja juu ya nyingine, na rangi zilizobaki kama bluu na nyekundu nazo haziwekwi moja juu ya nyingine. Ngao ilitakiwa itambulike kwa mbali. Andika njano juu ya nyeupe kwenye daladala uone kama kuna abiria atasoma gari linaenda wapi.

Upande nao uangaliwe. Kulia kwenye maneno yale ni kulia kwa aliyeishika ngao, sio kwako unayeitazama, kwahiyo simba anaelekea kushoto kwako, ukimgeuza umekosea.

Kitu kingine nilimwambia mama, wale wanaouza mtandaoni nembo za majina ya ukoo wanadanganya watu. Kwa Waingereza ngao anapewa mtu, inashuka kwa watoto wake, kufanana jina tu hakukupi haki, na ofisi inayosimamia hayo kule London, College of Arms, ipo tangu 1484. Wanae yeye wanaidai kwa damu, ndo maana nataka itoke sawasawa.

Ninachokipenda zaidi ni vile maneno yanavyokubana halafu yanakuachia. Bluu ipi hayasemi. Manyoya ya simba yaweje hayasemi, wachoraji wawili wakichora tofauti wote wanaweza kuwa sahihi. Mtoto wa mwisho akaniomba, anko, mchore kama wale tuliowaona Mikumi. Basi nimempa manyoya mazito meusimeusi kwenye kivuli, dhahabu juu yake.

Jumamosi nawapelekea. Imebaki ulimi na kucha.