Siku moja na maganda ya matoke, Namuwongo

Saa kumi na nusu alfajiri, kabla sijanawa uso, naenda kushika pipa tunamochomea maganda ya matoke, zile ndizi za kupika, yawe makaa. Naweka kiganja ubavuni, chini kabisa, karibu na matundu tuliyoyaziba kwa udongo jana jioni. Likiwa na joto hata kidogo halifunguliwi, maana hewa ikiyafikia maganda ambayo hayajapoa yanawaka palepale, na kazi ya siku nne inakuwa jivu. Leo pipa ni baridi kama mtungi. Nabandua udongo, nafunua, naingiza mkono. Maganda yametoka meusi na mepesi, bado na umbo lake, unaona hata pale kisu cha mpishi kilipopita. Ukiyafinya yanalia kama majani makavu, halafu ni unga.

Hii ndiyo kazi yangu. Watoto wa mtaa wananiita Mama Maganda, na watu wazima wengi wanadhani ninaokota taka. Wanaookota taka ni watu wa heshima, wangegoma wiki moja tu Kampala ingezama. Lakini mimi natengeneza makaa. Tuko saba, wanawake watano na vijana wawili, hapa Soko Muhimu, kati ya reli na mfereji wa Nakivubo. Kiwanja tulipewa na mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, baada ya kumwomba miezi mitatu.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi ya Nsambya. Baba wa Arua, West Nile, mama Msamia wa Busia, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo ndicho nilicholelewa nacho. Wapo Kampala ambao wakikusikia unasema Kiswahili wanafikiria askari au mwizi. Nimezoea kueleza mambo mawili kila siku, lugha yangu na kazi yangu.

Saa kumi na mbili tunatoka na matoroli mawili. Nyumba zetu ni 42, na migahawa midogo sita. Kila nyumba tuliipa magunia mawili, moja la maganda, jingine la takataka nyingine zote. Tunabisha, tunasalimiana, tunapokea, tunaenda mbele. Maganda masafi siku hizi yana wagombea, wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wanayanunua mabichi kwa ajili ya malisho, na hatuna ugomvi nao, ganda linaloliwa na ng'ombe limepata kazi. Sisi tunachukua yaliyobaki, pamoja na chenga zinazosalia chini ya magunia ya wauza makaa, ambazo zamani zilimwagwa mferejini.

Huo mfereji naomba niuseme kidogo, maana watu wa upande wa juu wa mji wanautazama kama kitu cha sisi wa bondeni. Unatoka katikati ya jiji, unapita hapa kwetu, unaingia kwenye kinamasi cha Nakivubo, kisha kwenye ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo yanapochotwa maji yanayosafishwa na kurudi kwenye mabomba yetu. Kila kaveera, mfuko wa plastiki, kinachotupwa Nakivubo kinaelekea kwenye maji ya kunywa ya jiji. Na kikinasa njiani, mvua ikija, maji yanapanda vitandani mwetu. Nimewahi kulala nimekaa juu ya meza na wanangu wawili. Sikuanza kazi hii kwa sababu nilisoma mahali.

Saa tatu tunamwaga magunia na kuchambua. Siku ya kawaida uchambuzi unachukua saa moja tu. Leo ulikula asubuhi yote.

Kuna mgahawa mmoja mkubwa, nje ya mtaa wetu, uliokubali mwezi uliopita kututengea maganda. Tuliwaelekeza wapishi, tukawapa magunia yetu, tukapeana mikono. Leo walituita tukachukue magunia manane. Tulikodi pikapu ndogo ya mizigo, tukalipa kwa pesa ya mfuko wa kikundi. Gunia la kwanza, juu maganda mazuri ya matoke na viazi. Nikapeleka mkono ndani zaidi, nikagusa kitu laini. Nepi. Chini yake mirija, vikombe vya plastiki, mifupa ya kuku, buveera vimefungwa mafundo na mchuzi ndani. Gunia la pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa na glasi iliyovunjika.

Mtu asiyejua atauliza, si mchome tu vyote? Hapana. Plastiki ikiingia ndani ya pipa inayeyuka na kung'ang'ania maganda, moshi wake unaumiza kifua cha anayechoma, na kipande kimoja kilichobaki kwenye makaa kitamnukia mteja jikoni, juu ya chakula cha watoto wake. Halafu hatarudi tena, na atawaambia majirani kumi. Kwa hiyo kila ganda linapita mkononi. Moja moja. Unashika, unageuza, unakung'uta, unatupa kulia au kushoto. Glavu zetu zimetoboka kwenye vidole vya kwanza viwili, kwa sababu ndivyo vinavyochambua. Kwenye gunia la tano dada yetu mdogo, anayekuja na mtoto mgongoni, alikatwa na wembe. Tukamwosha kwa maji na sabuni, tukamfunga kitambaa safi, tukamwambia akapumzike. Alikaa dakika kumi, akarudi, akachambua kwa mkono mmoja.

Jua lilikuwa kali na nzi wengi. Hakuna aliyeimba leo, na sisi huwa tunaimba. Magunia manane yakatupa matatu na nusu ya maganda, na magunia manne na nusu ya taka ambazo si zetu na sasa lazima tuzilipie zibebwe. Tangu lile jalala la Kiteezi liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia watu zaidi ya 30 pamoja na nyumba zao, kubebesha taka Kampala kumekuwa kugumu na ghali. Nilimpigia simu meneja wa mgahawa. Akasema wapishi wamebadilishwa. Nikamwambia kwa utaratibu, bwana, kesho nakuja mwenyewe saa moja asubuhi niwaelekeze hao wapya, na nitarudi tena mkiwabadilisha. Akasema sawa. Nitakwenda.

Nikuonyeshe hesabu ili uelewe kwa nini nusu gunia linaniuma. Kwa mizani yetu, kilo 100 za maganda mabichi zikianikwa siku tatu au nne zinabaki chini ya kilo 20. Ukizichoma unapata kilo tano, sita ukijaliwa. Tukitegemea maganda peke yake hatufiki mbali, ndiyo maana tunachanganya na zile chenga.

Mchana vijana walitwanga na kuchekecha, mimi nikapika uji wa muhogo, kilo moja ya unga kwa kilo 20 za unga wa makaa, tukakanda, tukakandamiza kwa mashine ya mkono iliyochomelewa na mafundi wa Katwe kwa vyuma chakavu, tukaanika kwenye sinia juani.

Saa nane hivi akaja yule mama.

Ni mama wa Kitgum, kaskazini, mke wa askari mstaafu, anakaanga samaki na chipsi kando ya barabara. Juzi alinunua kwetu kilo 20, shilingi 1,500 kwa kilo. Alikuja na ndoo, akaimwaga mbele ya kiwanja, mbele ya watu. Uji mweusi.

"Mmeniuzia udongo," akasema. "Mimi mjane mtarajiwa, mume wangu mgonjwa ndani, mnaniuzia udongo?"

"Shikamoo mama. Hatutii udongo. Ulimwagia maji?"

"Nisimwagie maji kwa nini? Makaa si yanazimwa kwa maji, unayaanika, kesho unatumia tena? Umezaliwa lini wewe?"

Ana haki ya kushangaa. Makaa ya mti ukiyamwagia maji yanazimika na kukauka tena. Yetu yameshikwa kwa uji wa muhogo, na yakilowa yanarudi kuwa uji. Tunamwambia kila mteja. Siku aliponunua nilimwambia mwenyewe, lakini alikuwa na wateja watatu na mafuta motoni, na neno moja kwa mtu mwenye haraka si maelezo. Hilo nililiona leo, nimesimama mbele ya ndoo yake.

Watu walikuwa wamejaa. Mwanamume mmoja akasema hawa ni watu wa mashirika, wanakula pesa za wazungu. Hatujapokea shilingi ya mtu yeyote, na mashine tuliinunua kwa mchango wa kila wiki kwa mwaka mzima. Sikumjibu, nilimwambia mama, twende jikoni kwako nikuwashie.

Nilibeba kilo mbili. Sigiri yake, lile jiko la makaa, ina kimlango cha hewa chini ambacho kilikuwa kimeganda kwa kutu, hajakifunga tangu ainunue. Nikakigonga kwa jiwe taratibu mpaka kikasogea. Nikaweka makaa machache ya mti chini, yetu juu, nikawasha, nikamwambia sasa tusubiri, usipepee sana, usichokore. Dakika tano hakuna kitu. "Unaona?" akasema. Dakika kumi, ukingo wa kijivu. Akaanza kuhudumia mteja kwa jiko lake la pili huku akinung'unika kwa Kiacholi. Dakika ishirini makaa yalikuwa mekundu hadi ndani, bila cheche wala moshi, na yeye aliyezoea kufuta machozi akiinama juu ya karai la mafuta aliinama, akakaa hivyo kidogo. Hakusema neno. Nikafunga kimlango nusu. Akakaanga samaki, akakaanga chipsi, akakaanga samaki tena, na moto ulikuwa uleule.

Kisha nikamwonyesha kuzima. Bati lenye mfuniko, unatia makaa, unafunika, basi. Yananyimwa hewa, yanalala, kesho unayatumia.

"Kwetu," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "wamekata hata miti ya yaa."

Nilimwelewa. Yaa ndio mti wa shea, na hata kwao baba, West Nile, upo. Unakaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na bibi yangu alituchua kwa mafuta yake tulipokuwa wadogo. Unaingia Kampala ndani ya gunia, umeshakuwa makaa. Mwezi wa Mei 2023 rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini, na bado gunia linapatikana, ila bei sasa imepita shilingi 100,000. Tulikaa kimya mama na mimi, tukitazama moto. Akaomba afidiwe kilo zote zilizoharibika. Tukavutana. Nilimwachia zile mbili bure, akanunua tano. Faida yangu ya leo iliishia hapo, na sijutii.

Nilikuwa nahesabu chenji yake nikasikia upepo.

Mwenye kuishi bondeni anaujua upepo huo. Nilikimbia. Matone makubwa yalinikuta relini, na nilipofika wenzangu walikuwa wanavuta turubai, mtoto analia, sinia zinabebwa mbilimbili kuingizwa chini ya bati. Mashine tuliisukuma watu sita, haina magurudumu. Sijui mvua ilichukua muda gani. Nakumbuka maji yakishuka kutoka njiani yakiwa meusi, na meusi hayo yalikuwa yetu. Nakumbuka kijana wetu mmoja amelala kifudifudi juu ya magunia ya maganda makavu, amenyoosha mikono, yasilowe.

Ilipokatika, giza lilikuwa karibu. Tulikwenda kutazama mfereji. Ulijaa mpaka ukingoni lakini haukumwagika upande wetu, kwa sababu Jumamosi iliyopita mtaa mzima ulitoka bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kujitolea, makoleo na mapanga, tukazibua kalvati la chini. Chupa za plastiki zilikuwa zinapita katikati ya maji kwa kasi, nyingi, zikitoka juu huko.

Nikarudi, tukajaza pipa maganda makavu ya wiki iliyopita na kuliwasha, maana kesho haisubiri. Moshi mzito mweupe kwanza, tunasimama upande wa upepo. Ukianza kuwa mwembamba na kuvutia bluu, ni wakati wa kufunika. Nilikandika udongo kwa vidole, tundu moja baada ya jingine, mgongo hautaki kuinama tena.

Nyumbani tunapikia vipande vilivyovunjika, visivyouzika. Maharagwe yaliiva, sikumbuki saa ngapi. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshawalisha wenzake.

Kabla ya kulala nilirudi kiwanjani na tochi ya simu kuhesabu na mwenzangu anayelinda. Sinia kumi na nne zimepona, tisa zimerudi kuwa uji. Uji hautupwi, utakandwa upya na kukandamizwa tena. Tukaukusanya wote ndani ya karai kubwa, tukalifunika kwa turubai, na nikaweka mawe mawili juu yake.