Betri inasoma 12.6, mbona taa hafifu?

Kila giza likianza, yaani mwezi umeondoka na wavuvi wa dagaa wanarudi kazini, hapa Kibirizi, Kigoma, naulizwa swali lilelile: fundi, betri imejaa, mita inasoma volti 12.6, mbona taa ziko kama kibatari? Na wengi wakifika kwangu wameshaamua kwamba wameuziwa betri feki. Enzi za karabai mambo haya hayakuwepo, shida ilikuwa mafuta ya taa tu.

Kwanza tuelewane, volti haikai sehemu moja. Chukua mita, gusa chanya ya betri kwa ncha nyekundu, ile nyeusi iache inaning'inia, haikusomei kitu cha maana. Mita inapima tofauti kati ya sehemu mbili, na elektroni nazo, zile chembe ndogo zinazobeba umeme ndani ya waya, zinafuata tofauti hiyohiyo, basi. Kwa vile zenyewe zina chaji hasi zinatoka upande wa hasi kwenda chanya, yaani zinaondoka na waya mweusi, zinapita kwenye taa, zinarudi na mwekundu. Vitabuni mishale ya mkondo wa umeme imechorwa kinyume, kwa sababu mambo ya chanya na hasi yalipangwa miaka ya 1700 enzi za Benjamin Franklin, elektroni yenyewe J. J. Thomson kaja kuigundua 1897, mishale ikaachwa vilevile na watoto wa sekondari wanateseka nayo mpaka leo.

Sasa tuseme betri iko nyuma ya mtumbwi, taa ziko mbele, waya mita 10 kwenda na 10 kurudi, taa zote jumla wati 60, hiyo ni kama ampea 5. Mwenye mtumbwi kafunga waya wa spika, ule mwembamba wa milimita za mraba 0.75, kisa bei. Washa taa, halafu weka ncha moja ya mita mwanzo wa waya mweusi na nyingine mwisho wa waya huohuo mweusi. Watu wananishangaa hapa, waya mmoja unaupimaje volti? Lakini inasoma, volti 1 na kidogo. Mwekundu nao hivohivo. Zima taa, inarudi sifuri.

Maana yake hata shaba haipitishi bure. Elektroni ndani yake zinakimbia ovyo huku na huko, zaidi ya kilomita 1,500 kwa sekunde, zinapotezwa mwelekeo na atomu zinazotetemeka, na ili zote zisogee upande mmoja lazima kila kipande cha waya kiwe na tofauti yake ya volti ya kuzisukuma. Kwa waya huo, kwenda na kurudi, zinaliwa volti kama 2.3 zinakuwa joto, taa zinabaki na 10 hivi. Ukifunga waya wa 2.5 unapoteza 0.7 tu.

Ila kinachonifurahisha mimi ni mwendo wenyewe aisee. Kwenye huo waya mwembamba, kwa hizo ampea 5, elektroni zinasogea nusu milimita kwa sekunde! Piga hesabu, iliyotoka kwenye betri saa moja jioni inafika kwenye taa karibu saa saba usiku, na mpaka irudi kwenye betri ni asubuhi mnashusha dagaa. Na bado ukibonyeza swichi taa inawaka papo hapo, kwa sababu shaba ina elektroni zake tele tangu mwanzo urefu wote, na ule msukumo ndo unaopita haraka, kasi inayokaribia ya mwanga, zinaanza kusogea karibu zote kwa pamoja.

Na kuna wakati waya ni mzuri kabisa, shida iko kwenye temino, pale waya unaposhika betri, ule unga wa kijani na mweupe unaoletwa na asidi. Jamaa mmoja nilimpimia hapo, ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye kibano chake, hata sentimita hazifiki mbili, mita ikasoma volti 1.8. Msasa, maji ya moto, spana namba 10, taa zikawaka vizuri tu. Na alikuwa kashapata mtu wa skrepa wa kumuuzia hiyo betri kwa kilo.